Barua iliyolala kwenye droo miezi kumi na minne

Machi 2022 mume wangu alifungua barua kutoka VA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia waliowahi kuwa wanajeshi, akasoma mistari miwili tu. Wa kwanza ulisema asilimia 100. Wa pili ulitaja kiasi atakacholipwa kila mwezi kwa sababu ya mgongo, magoti, masikio, na usingizi uliomkimbia tangu Afghanistan. Akaikunja barua, akairudisha kwenye bahasha, akaitumbukiza kwenye droo ya jikoni, ile tunayoweka betri na risiti za gereji. Chai yake ilipoa mezani. Sikumuuliza kitu.

Droo hiyo nilikuja kuipekua Mei 2023, nikitafuta betri za rimoti. Bahasha ilikuwa imenasa kwa nyuma. Nikaivuta, karatasi zikamwagika. Kazi yangu ya kutunza wagonjwa imenizoesha kusoma hata maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa, basi nikaanza kusoma. Ukurasa wa tatu, karibu na chini, palikuwa na sentensi moja fupi: stahiki ya msaada wa masomo kwa wategemezi, chini ya Chapter 35, imethibitishwa kuanzia Machi 2022. Niliisoma mara tatu. Wategemezi ni mimi na watoto wetu wawili.

Nilikaa sakafuni palepale. Muda wote huo nilikuwa nasomea uuguzi kidogo kidogo, kozi mbili kwa semesta kwa sababu tatu zilikuwa hazilipiki, na ada naitoa kwenye mshahara wa zamu za usiku. Pesa ya kunisaidia ilikuwa hatua nne kutoka jiko ninalopikia.

Naandika haya kwa wake, waume na watoto wa wanajeshi wa Marekani tunaozungumza Kiswahili, na tuko wengi. Hizi haki zipo na ni za kweli. Lakini kila moja ina tarehe yake na ina majina yanayotakiwa kuandikwa mahali fulani kabla ya siku fulani, na hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha. Sisi tulijifunza kwa kukosea, tena zaidi ya mara moja.

Kosa la kwanza ndilo lililotugharimu zaidi, na lilifanyika miaka mingi kabla ya hiyo barua.

Tulifika Houston mwaka 2007 kwa green card ya bahati nasibu. Septemba 2009 mume wangu akala kiapo cha jeshi hapohapo Houston, akaja kupangiwa kambi ya Fort Hood, na ndiyo maana hadi leo tunaishi Killeen, mji wa Texas ulio jirani na kambi hiyo. Mwezi mmoja kabla ya kiapo chake, tarehe 1 Agosti 2009, ilikuwa imeanza kutumika sheria mpya ya masomo ya wanajeshi, Post-9/11 GI Bill. GI Bill ya kwanza kabisa ilitiwa saini na Rais Roosevelt Juni 1944 kwa ajili ya waliotoka Vita vya Pili vya Dunia, na ilimlenga askari mwenyewe. Hii mpya ilimruhusu askari kuihamishia familia yake miezi yake 36 ya masomo. Na miezi hiyo si kitu cha kuchezea. Inalipa ada yote ya chuo cha umma kwa kiwango cha mkazi wa jimbo, inatoa posho ya nyumba kila mwezi kulingana na mahali chuo kilipo, na inaongeza hadi dola 1,000 kwa mwaka za vitabu.

Sharti lake ni kwamba askari awe ametumikia angalau miaka sita, akubali kutumikia mingine minne, na ombi alitume akiwa bado jeshini. Akishavua sare, hawezi tena kumwongeza mtu.

Mume wangu alifikisha miaka sita Septemba 2015. Kama angeomba mwezi huo, deni lake la utumishi lingeisha Septemba 2019. Yeye alitoka Septemba 2018. Mwaka mmoja tu. Nimeupiga hesabu huo mwaka mara nyingi kuliko inavyonifaa.

Si kwamba alikataa. Hakujua kuna cha kuomba. Rafiki yake wa kikosi alimwambia siku moja, "Nenda uandike majina ya watoto," naye akajibu kwamba yeye ni baba yao, chake ni chao. Huko tulikokulia, mali ya baba haihitaji fomu ili iwe ya watoto. Shamba ni la nyumba, kila mtu anajua. Hii ilikuwa mkataba kati yake na serikali, na mkataba unamjua aliyetajwa tu. Alikuja kulielewa hilo miezi michache kabla ya kutoka, kwenye yale mafunzo ya kuwaandaa wanaorudi uraiani. Mkufunzi aliuliza ni nani wamehamisha miezi yao, mikono ikanyooka, wake ukabaki chini. Jioni ile alirudi nyumbani akasimama mlangoni na viatu vyake. "Mama," akaniambia, "ile miezi ya masomo haiwezi kuja kwenu tena." Binti yetu alikuwa na miaka kumi na miwili.

Alitumia miezi ishirini kusomea ufundi umeme. Kumi na sita imebaki, na kwa kuwa alitoka jeshini baada ya 1 Januari 2013 haina mwisho wa kutumika. Ipo, inamsubiri yeye peke yake. Sisi hatuwezi kuigusa.

Nilidhani basi, hadithi ya masomo imeishia hapo. Sikujua kuna mlango mwingine, na huo ulipitia kwenye mwili wake.

Kudai fidia ya ulemavu kulimchukua mume wangu miaka miwili ya kusita. Kwake mlemavu ni aliyekatika mguu, na wapo aliowajua kwa majina. Yeye anatembea, anaendesha gari, ataombaje? Nilimwambia haombi, anadai, naye akaniambia maneno hayo mawili yanafanana ukiyasema ukiwa umekaa mbele ya dirisha la ofisi. Mwaka 2020 hatimaye alikubali niende naye kwa ofisa wa kaunti anayewasaidia wanajeshi wa zamani. Mzee mwenyewe alikuwa Vietnam. Hakumuuliza kuhusu vita. Alimuuliza, "Ukiamka asubuhi, unaanza na nini?" Mume wangu akasema anashika ukingo wa kitanda kwanza. Mzee akangoja. Mume wangu akanyamaza. Ndipo nikasema mimi: kwamba mwaka wa pili sasa, kamba za viatu vyake vya kazi namfungia mimi, yeye amekaa kwenye ngazi, kwa sababu hawezi kuinama kufika chini. Mzee aliandika hilo neno kwa neno, na mume wangu aliangalia dirishani hadi alipomaliza.

Huduma ile hatukuilipia hata senti. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaozunguka kwenye jamii zetu wakijitolea kukuandikia madai kwa kukatwa pesa za miezi kadhaa ya fidia. Sheria ya nchi hairuhusu mtu kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza. Ofisa wa kaunti na vyama vya wanajeshi wa zamani vilivyoidhinishwa na VA wanafanya kazi hiyo bure, na wengi wao wanaifanya vizuri zaidi.

Jibu la kwanza lilikuja asilimia 70. Mzee akasema turudi na vipimo vya mgongo, tukarudi. Machi 2022 ikaja ile barua ya 100.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu familia nyingi huona 100 zikasherehekea mapema. Asilimia 100 peke yake haifungui Chapter 35. Ulemavu lazima uwe kamili na pia uandikwe kuwa ni wa kudumu. Jirani yetu ana 100, lakini VA imempangia kupimwa tena baada ya miaka michache, kwa hiyo mkewe hawezi kuomba. Na yupo mwingine ambaye jumla ya asilimia zake haikufika 100, lakini anahesabiwa kuwa hawezi kazi na imeandikwa kuwa ni ya kudumu. Watoto wake wanasoma. Usiulize asilimia tu. Tafuta neno "kudumu", kisha tafuta ile sentensi ya Chapter 35.

Niliomba wiki ileile ya betri, kwa fomu 22-5490. VA huweza kulipa hadi mwaka mmoja nyuma kabla ya ombi kufika, basi semesta yangu ya Agosti hadi Desemba 2022 ilihesabiwa, na ile iliyofuata pia. Majuma ya mwisho ya semesta iliyotangulia, tangu barua ilipotoka Machi hadi Mei 2022, yalikuwa yameshapita mpaka.

Kuchelewa kulitugharimu kwa namna nyingine pia. Mwenzi wa mwanajeshi ambaye ulemavu wake umetambuliwa kuwa kamili na wa kudumu ndani ya miaka mitatu tangu atoke jeshini hupewa miaka 20 ya kutumia msaada huu. Akitambuliwa baada ya hapo ni miaka 10. Mume wangu alitoka 2018, neno "kudumu" likaja 2022. Mimi nina hadi 2032. Sheria ilibadilishwa, na kwa ambao haki yao imezaliwa kuanzia tarehe 1 Agosti 2023 kikomo hicho kimeondolewa, lakini yangu ilizaliwa kabla. Ile miaka miwili aliyokaa akiogopa neno ulemavu ilikuwa na bei, na sehemu ya bei hiyo nimeilipa mimi. Simlaumu. Naitaja ili mwingine aseme mapema nyumbani kwake.

Sasa, Chapter 35 inafanyaje kazi? Hailipi chuo. Inamlipa mwanafunzi mwenyewe, kila mwezi, na mwezi ukishaisha. Kuanzia Oktoba 2024 kiwango cha anayesoma muda wote kilikuwa dola 1,536. Ada, vitabu, sare za wodi, kodi ya nyumba, vyote unavitoa humo. Haikatwi kodi ya mapato. Ukiomba msaada wa kawaida wa serikali kwa wanafunzi, pesa hii haihesabiwi kama kipato chako, na unaweza kupata ruzuku ya Pell juu yake. Ni miezi 36 kwa waliouanza msaada huu kuanzia 1 Agosti 2018; kabla yao ilikuwa 45. Wala si ya shahada tu: kuna cheti, kuna mafunzo ya ufundi, kuna kujifunza kazini.

Katika kila chuo kilichoidhinishwa yuko ofisa ambaye kazi yake ni kuithibitishia VA kwamba umesajiliwa na kwa krediti ngapi. Mjue kwa jina. Mpelekee ratiba yako kila semesta, usingoje akutafute. Mimi nilimjua vizuri baada ya kosa langu la Kihispania.

Januari 2024 nilijisajili krediti 12, na 12 ndiyo muda wote. Tatu kati ya hizo zilikuwa Kihispania. Nusu ya wagonjwa wangu wa usiku wanaongea Kihispania, na nilikuwa nimechoka kumwelewa mama mzee kwa kuangalia anaposhika tu. Nilikuwa na sababu nzuri. Lakini Kihispania hakikuwa kwenye mpango wa kozi ya uuguzi, na ofisa anaruhusiwa kuthibitisha masomo yaliyomo kwenye mpango wako tu. VA ikaona krediti 9. Nikalipwa robo tatu semesta nzima, na tayari nilikuwa nimepunguza zamu mbili za usiku nikitegemea malipo kamili. Alinieleza kwa upole kabisa, akanionyesha orodha ya masomo yangu kwenye kompyuta, Kihispania hakimo. Kosa lilikuwa langu. Nilikimaliza, na sijutii kukijua. Ninajuta kutouliza.

Desemba nayo haina huruma. Pesa hulipwa kwa siku ulizokuwa darasani. Semesta ikiisha katikati ya Desemba, unalipwa nusu ya mwezi. Ikianza tena wiki ya tatu ya Januari, unalipwa vipande vya siku. Kati ya semesta na semesta hakuna kitu. Mwenye nyumba anataka kodi yake tarehe mosi kama kawaida. Mwaka wa kwanza tulikula akiba ya matairi ya gari. Tangu hapo kila mwezi natenga dola 150 kwenye akaunti tuliyoipa jina Desemba.

Halafu akaja binti yangu, na tukakosea tena.

Alimaliza sekondari 2024 akiwa na miaka 18. Mwanajeshi mwenye ulemavu hupata nyongeza kwenye fidia yake kwa ajili ya mtoto, na mtoto akifikisha 18 nyongeza hiyo huendelea iwapo yuko shule, kwa kujaza fomu 21-674. Mume wangu aliijaza, safari hii kwa wakati, na alijivunia. Wiki hiyohiyo mimi na binti tukajaza ya Chapter 35. Kila mmoja alifanya la kwake vizuri. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Mtoto hawezi kuhesabiwa pande zote mbili. Akishaanza kupokea Chapter 35, ile nyongeza ya baba inakoma, na uamuzi huo haurudishwi nyuma. Sisi tulipokea zote mbili kwa miezi minne. Kisha ikaja barua ya deni, dola elfu moja na mia tatu na kitu, na kwamba itakatwa kwenye fidia ya mume wangu. Binti alilia. Alidhani amemfanya baba yake aonekane mwizi. Baba yake alimketisha akamwambia maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema: kwamba pesa ile inatokana na mgongo wake, na mgongo wake ulikwenda kwa ajili yao, kwa hiyo asiione aibu, akasome. Deni tulipanga likatwe kidogo kidogo. Kwa hesabu ya pesa uamuzi wenyewe haukuwa mbaya, maana nyongeza ile ilikuwa mia tatu na ushei kwa mwezi na Chapter 35 ni zaidi ya mara nne yake. Ila kwa mtoto ambaye bado hajajua anataka kusomea nini, ningengoja. Akishaianza, miezi 36 inaanza kupungua.

Mwezi wa tatu wa chuo, binti alikuja na habari aliyoisikia kwa mwanafunzi mwenzake. "Mama, kuna kitu kinaitwa Hazlewood." Miaka yote hiyo Texas, na sikuwahi kulisikia hilo neno.

Hazlewood ni sheria ya jimbo, haihusiani na VA moja kwa moja. Mwanajeshi aliyeingia jeshini akiwa Texas, au akiwa mkazi wa Texas, au aliyeandika Texas kama nyumbani kwake, anasamehewa ada katika vyuo vya umma vya jimbo hadi krediti 150. Asipozitumia zote anaweza kumpa mtoto zilizobaki. Lakini akiwa na ulemavu kamili uliotokana na utumishi, mwenzi na watoto wake wanapata msamaha wao wenyewe, krediti 150 kila mmoja. Watoto waishi Texas, na maksi zao zisishuke chini ya kiwango cha chuo. Kiapo cha Houston cha 2009, ambacho sisi tulikihesabu kuwa ni siku moja tu ya makaratasi, ndicho kilichotupa haki hiyo. Kama basi lingempeleka kula kiapo jimbo lingine, naye si mkazi wa Texas wala hajaandika Texas popote, tungeikosa.

Hapo ndipo mambo yalipokaa sawa. Hazlewood inaondoa ada. Chapter 35 inaingia mkononi mwa mwanafunzi kulipia kula, kulala, vitabu na mafuta ya gari. Haziingiliani, kwa sababu Chapter 35 si pesa ya ada. Mimi nilikuwa nimelipa ada ya semesta kadhaa kutoka kwenye ile posho bila sababu. Na majimbo mengine nayo yana yake. California inasamehe ada kwa wategemezi katika vyuo vyake vya umma, Wisconsin ina GI Bill yake ya jimbo yenye krediti 128. Ukihama jimbo, uliza upya, maana masharti ya ukazi hayafanani.

Kuna dada mmoja wa kanisani kwetu ambaye mumewe hakurudi. Sitasema zaidi ya hapo juu yake. Kwa wajane na yatima wa waliofariki wakiwa kazini tangu tarehe 11 Septemba 2001, upo msaada uitwao Fry. Umepewa jina la Sajini John David Fry, askari wa kikosi cha Marine kutoka Texas, aliyekuwa amebakiza wiki moja Iraq mwaka 2006, ameumia mkono, akajitolea kuendelea kutegua mabomu. Bomu likamuua huko Anbar. Aliacha mke na watoto watatu wadogo. Fry unafanana na Post-9/11 GI Bill: ada, posho ya nyumba, vitabu, miezi 36. Mjane anayestahili Fry anastahili pia Chapter 35, lakini kwa kawaida anatakiwa kuchagua kimoja, na akishachagua habadilishi.

Alinijia na fomu miezi mitatu baada ya mazishi, kalamu mkononi, anataka nimwonyeshe mahali pa kutia alama ili jambo liishe. Nilimwomba aiweke kalamu mezani. Akisomea chuo ambacho Hazlewood inalipa ada, hesabu ni moja. Akisomea chuo binafsi au akirudi kuishi kwa dada yake jimbo lingine, hesabu ni nyingine kabisa. Tulikwenda kwa yule mzee wa kaunti, akatupigia hesabu ya njia zote mbili kwenye karatasi ya njano. Dada alikwenda nayo nyumbani, akakaa nayo wiki tano kabla ya kujaza. Mtu aliye kwenye msiba asisukumwe kutia saini jambo lisilorudi nyuma, hata kama anayemsukuma anamtakia mema.

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli: mkiachana, Chapter 35 ya mwenzi inakufa na ndoa. Miezi ya GI Bill iliyohamishwa haifi yenyewe kwa talaka, lakini mwenye nayo anaweza kuiondoa wakati wowote. Nimeona mwanamke akibaki na semesta mbili kumaliza. Anayesoma kwa haki ya mwenzake na aijue hali yake.

Mimi nilimaliza uuguzi Desemba 2025. Binti yuko mwaka wa pili, anasomea uhasibu. Kaka yake ana miaka 15, na jina lake liko kwenye karatasi zote zinazotakiwa.

Mwezi uliopita sajini mmoja kijana, Mkenya mwenzetu, alikuja kula kwetu Jumapili na mkewe na watoto wao wawili, mkubwa wa miaka mitano na mdogo wa miezi miwili. Ana miaka saba jeshini na mkataba wake unaisha mwakani. Mume wangu, ambaye haya mambo hukaa kimya yakitajwa, aliinuka mwenyewe katikati ya chakula, akaenda kwenye droo, akaja na bahasha ileile. Akamwonyesha ukurasa wa tatu. Kisha akamwambia kwamba huo ukurasa ni wa baba aliyechelewa, na kwamba yeye bado ana nafasi ya njia nyingine, akiwa bado kwenye sare. Akamweleza kuhusu miaka minne. Akamweleza kwamba akishatoka anaweza kugawanya upya miezi kati ya waliotajwa, lakini hawezi kuongeza jina jipya, kwa hiyo kila mmoja apate angalau mwezi mmoja.

"Na huyu mdogo, mzee? Bado hata hajakaa."

"Umemwandikisha jeshini kama mtegemezi wako?"

"Cheti cha kuzaliwa kimetoka juzi."

"Kesho asubuhi kampeleke aandikwe."

Baada ya siku tisa kijana alipiga simu. Alikuwa amezungumza na mkewe, akakubali miaka minne, akajaza ombi kwenye milConnect, tovuti ya jeshi. Alimsomea mume wangu mgawo kwa sauti, nami nikasikia kwa sababu simu ilikuwa mezani: mke miezi 18, mtoto wa kwanza 17, wa pili mmoja. Mume wangu alichukua kalamu akajumlisha nyuma ya risiti ya gereji. Thelathini na sita.

"Imeshakubaliwa au imetumwa tu?" akamuuliza.

"Imetumwa, mzee. Nangoja."

"Basi usivue sare mpaka uione barua."